Ugenini Hakuna Baraza

Kijana wa Kibokoni, Mombasa, anayekaa barazani saa moja na nusu kila jioni, tangu Magharibi hadi aitwe kula, hutimiza saa 90 na watu walewale kwa muda usiofika wiki tisa. Hakuna anayezihesabu. Kahawa chungu inapita, mabuyu yanapita, mpira wa Uingereza unachambuliwa mpaka unakauka, na mtu ambaye mwezi wa kwanza alikuwa "yule jamaa wa pale kwa fundi" anajikuta yumo miongoni mwa wanaobeba jeneza la babu yako. Kina dada wana yao: uwani, kwenye kupaka hina, maulidini, jikoni siku tatu kabla ya harusi. Mkristo wa Changamwe ana kwaya na jumuiya ndogondogo. Majina ni tofauti, kazi ni ileile ya watu walewale, mahali palepale, tena na tena, bila ya kualikana.

Hizo saa 90 hazikutoka hewani. Mwaka 2018 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, Jeffrey Hall, alichapisha uchunguzi juu ya watu wazima waliohamia mji mpya na wanafunzi wapya wa chuo, akitaka kujua mtu baki huchukua muda gani kuwa rafiki. Makadirio yake yalikuwa kama saa 50 kutoka kujuana kwa salamu hadi urafiki wa juujuu, kama saa 90 kufikia urafiki wenyewe, na zaidi ya 200 kwa wale wa chanda na pete. Waliochunguzwa ni Wamarekani, na namba hizo si sheria ya maumbile. Lakini ndani yake mna jambo ambalo kila mzazi wa Mombasa anayefunga sanduku la mwanawe anayekwenda kusoma ng'ambo angefaa kulijua: saa za kufanya kazi pamoja zilikuwa na uzito mdogo kuliko saa za kukaa tu, kula, kucheza, kupiga soga. Kwa hiyo kuketi na watu 80 katika ukumbi wa mihadhara wiki 12 mfululizo hakujengi kitu kikubwa. Ni kama kupanda feri ya Likoni kila asubuhi na watu mia tano.

Kwa kuwa kwetu saa hizi hupita bila kuhesabiwa, tumejenga imani kwamba urafiki hutokana na ucheshi na tabia njema. Ndipo kijana aliyekuwa roho ya mtaa anapofika Leeds, Uingereza, au Hamburg, Ujerumani, miezi mitatu inapita hana mtu wa kumpigia akiugua, naye anatoa moja kati ya hukumu mbili: ama yeye ana kasoro, ama wenyeji wana kiburi. Hukumu zote mbili zinamkwamisha, kwa sababu hazimpi la kufanya kesho asubuhi. Kilichokosekana ni saa, na mahali pa kuzitumia. Hivyo vyaweza kupangwa kama kodi ya nyumba inavyopangwa.

Tuipige hesabu ya wiki. Ina saa 168. Ondoa 56 za kulala na 40 za masomo, pamoja na kusoma maktabani. Ondoa 20 za kazi, maana ndicho kikomo cha viza ya mwanafunzi wa shahada huko Uingereza wakati wa muhula, na wiki yao huhesabiwa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, si siku saba zozote unazojichagulia. Ondoa 10 za njiani, na 18 za kupika, kufua, kuoga, kusali na kwenda dukani. Zinabaki 24. Ukizungumza na nyumbani saa moja na nusu kila siku, 10 na nusu zimekwenda. Zilizosalia zitaliwa na simu hiyohiyo ukiwa kitandani, ukitazama picha za harusi ambazo hukuhudhuria.

Sasa tazama tofauti ya kutenga saa mbili kwa wiki na kutenga tano. Kwa saa mbili, 90 zitatimia baada ya wiki 45. Kwa tano, wiki 18. Shahada ya uzamili ya kufundishwa Uingereza kwa kawaida ni ya mwaka mmoja tu. Anayeanza tarehe 1 Oktoba kwa saa tano atakuwa na rafiki mwanzoni mwa Februari. Anayesema "wacha kwanza nitulie na masomo", akaanza Februari kwa saa mbili, atampata rafiki huyo Desemba, wakati tasnifu imeshawasilishwa na viza inahesabu siku. Ujerumani na India, ambako shahada huchukua miaka miwili na zaidi, zinasamehe kidogo. Uingereza haisamehi.

Kuna mtego mwingine ambao mawakala wa vyuo wanaokuja na maonyesho yao katika hoteli za Nyali hawautaji, pengine kwa sababu hawajawahi kuufikiria: tofauti ya saa. Wakati wa baridi huko, Mombasa iko mbele ya Uingereza kwa saa tatu na mbele ya Ujerumani kwa saa mbili. Kiangazi huko kikiingia, tofauti inapungua kwa saa moja. Nyumbani, wakati wa kuzungumza ni baada ya Isha, saa mbili hadi saa nne usiku, kila mtu amerudi na chakula kimeandaliwa. Huko Uingereza ni saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku. Ndio wakati hasa ambapo vilabu vya chuo hukutana, timu hufanya mazoezi, na jikoni la bweni hujaa watu. Mama anapiga kwa mapenzi, mtoto anapokea kwa mapenzi, na jioni baada ya jioni mlango wa jamii mpya unafungwa kwa mkono wa upendo. Dawa si kukata simu. Ni kuihamisha: Jumapili asubuhi mazungumzo marefu ya video na familia nzima, na siku za kazi ujumbe wa sauti wa dakika mbili ukiwa njiani kwenda chuo. Lisemwe kabla ya safari, mbele ya baba na mama, likubaliwe. Likisemwa baada ya mwezi kwa simu, litasikika kama mtoto ameshaanza kubadilika.

Tukiongeza kazi, mambo hukaza zaidi. Zamu za ghala, za usafi na za kuhudumia wazee hubadilika kila wiki, na wanaopewa jioni na Jumamosi ni wageni. Ujerumani kikomo ni siku 140 nzima au 280 nusu kwa mwaka tangu Machi 2024, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kulimbikiza kazi likizoni na kuacha muhula wazi. Wengi hawafanyi hivyo. Wanafanya kidogo kidogo kila wikendi, na kila wikendi inapotea. Mahali popote ulipo, mwambie msimamizi siku ya kwanza kwamba jioni fulani hupatikani. Jumatano, kwa mfano. Siku ya kwanza ombi hilo ni sharti la kazi. Mwezi wa tatu linageuka usumbufu.

Halafu ni watu gani hasa? Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Stephen Bochner na wenzake waliwachunguza wanafunzi wageni huko Hawaii, wakaona kwamba mahusiano yao hujigawa kwenye duara tatu: watu wa kwao, wenyeji, na wageni wenzao wa mataifa mengine. Kila duara lilikuwa na kazi yake. La watu wa kwao huhifadhi utu na lugha, la wenyeji husaidia masomo na kazi, la wageni wenzao ni la burudani na kutembea. Kosa linalotuangusha ni kulitaka duara moja lifanye kazi ya yote matatu.

Watu wa nyumbani wasidharauliwe. Wiki mbili za kwanza hakuna aliye na faida kuwashinda. Ujerumani, mathalani, sheria inakutaka ujiandikishe kwa manispaa ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, ile wanayoiita Anmeldung, na huwezi kujiandikisha bila barua ya mwenye nyumba kuthibitisha kwamba unaishi pale. Mkenya aliyetangulia ndiye anayejua mwenye nyumba gani anaandika barua hiyo na yupi anakwepa. India, mwenye viza ya mwanafunzi ya zaidi ya siku 180 hujiandikisha na ofisi ya wageni ndani ya siku 14; anayejua foleni na picha zinazotakiwa ni yule wa mwaka wa pili. Na likitokea la kutokea, Mungu aepushe, kundi la WhatsApp la watu wa Pwani ndilo litakalochanga usiku huohuo ili maiti irudi. Hilo peke yake latosha kulipa ada ya uanachama.

Lakini ukiwauliza, uliza vitu vinavyojibika. "Maisha vipi huko?" itakupa jibu la "Alhamdulillahi, ni kujituma tu." Uliza: ulilala wapi wiki mbili za kwanza na kwa kiasi gani kwa usiku? Amana ya nyumba ulilipa ngapi, na ulipohama ulirudishiwa? Kazi ya kwanza uliipata kupitia nani? Swali la mwisho ndilo litakaloonyesha mipaka ya duara hili. Mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba watu aliowahoji mara nyingi walipata habari ya kazi kwa watu wanaoonana nao kwa nadra, si kwa wandani wao. Sababu yake ni nyepesi: wandani wako wanajua unachokijua. Wakenya sita wanaoishi pamoja na kufanya usafi katika jengo moja wana habari moja ya kazi, nayo ni ya usafi katika jengo hilo. Tena kundi hilo lina macho. Ukionekana na fulani Ijumaa usiku, habari inafika Majengo kabla hujaamka.

Mahali pa kuanzia kuyajenga maduara mawili yaliyobaki ni makazi, na hapa wazazi wetu hukosea kwa nia njema. Wanamtafutia mtoto chumba chenye choo chake na jiko lake, "apate utulivu". Anaupata kweli. Chumba cha aina hiyo kwa kawaida ni ghali zaidi kwenye orodha, na ndicho kinachomnyima baraza la pekee lililobaki ugenini, yaani jikoni la pamoja. Watu sita, majiko mawili, friji mbili, meza moja. Ukila pale badala ya kubeba sahani chumbani, dakika 20 kwa siku ni zaidi ya saa mbili kwa wiki ambazo hazikukugharimu kitu. China mara nyingi wanafunzi wageni huwekwa kwenye mabweni yao pekee. Huko hata ukiwa mcheshi kiasi gani, jengo lenyewe limeshakuamulia utakayekutana naye kwenye ngazi, na duara la wenyeji itabidi ulitafute viwanjani na maabarani.

Usitume amana ya chumba cha mtu binafsi ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakiingia kwa miguu. Matapeli wa vyumba huwapenda wanafunzi wa mbali kwa sababu tarehe ya ndege inawakimbiza. England amana ya nyumba ya kupanga haipaswi kuzidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida, na sharti iwekwe kwenye mfuko unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Ujerumani haizidi kodi ya miezi mitatu, bila gharama za maji na joto. Anayetaka zaidi ya hapo ameshajitambulisha.

Jikoni huharibika kwa mambo madogo. Kubwa kati yao ni king'ora cha moshi. Sisi ni watu wa kukaanga: viazi karai, samaki, bajia, mafuta tele na moto mkali. Mabweni mengi yana vitambuzi vya moshi vilivyofungwa kwenye king'ora cha jengo zima, na mafuta yaliyopita kiasi saa tano usiku yatawatoa watu 200 nje kwenye baridi na nguo za kulalia. Watakujua, ndiyo. Kaanga mchana, mlango wa jikoni umefungwa na dirisha limefunguliwa, au utumie oveni. La pili ni sufuria ya kuloweka inayolala kwenye sinki hadi asubuhi. La tatu ni ratiba ya usafi iliyobandikwa ukutani. Wajerumani huichukulia kama mkataba, na kwenye mahojiano ya kuingia nyumba ya kushirikiana utaulizwa juu yake kabla ya kuulizwa unasoma nini. Kwao kuanzia saa nne usiku ni wakati wa kimya, hata kupigilia msumari hairuhusiwi.

Ukitaka kuwaita watu mezani, usianze na pilau ya nyama. Kati ya wageni wanane utampata asiyekula nyama, anayekula halali tu, asiyegusa maziwa na ambaye ngano humdhuru. Mbaazi za nazi huwaweka wote meza moja, na ni rahisi. Mbaazi nzima kavu zinauzwa kwenye maduka ya Wahindi kwa jina la toor au tuvar. Kwa Wajamaika wa Uingereza zinaitwa gungo. Gramu 500 zinatosha watu sita hadi wanane pamoja na wali. Loweka usiku mzima, mwaga maji, chemsha mpaka ziive kabisa bila chumvi. Tui la kopo la mililita 400 ni zito kuliko tui letu la pili, kwa hiyo usilimimine lote kwa pamoja. Weka kando robo yake iwe tui la kwanza, iliyobaki ongeza kikombe kimoja cha maji, upikie na kitunguu, pilipili na manjano. Lile zito linaingia mwisho, moto mdogo, bila kuchemka sana, la sivyo litakatika na mafuta yatajitenga juu. Mahamri yangependeza, lakini mahamri ni ngano na ni kukaanga. Yaache kwa siku nyingine.

Nje ya jikoni, tatizo ni kuelewa nani kakualika na nani kakusalimu tu. Hapa Mswahili ana ujuzi tayari, ila hajui kwamba anao. Ukipita mtu anakula mlangoni pake Mombasa, atakwambia "karibu". Unajua vyema kwamba si mwaliko. Ni heshima, nawe unajibu "ahsante, nishakula" na kuendelea na safari, hata kama tumbo linanguruma. Mwingereza anayekwambia "tunywe kahawa siku moja" amekupa karibu hiyohiyo ya mlangoni. Si mnafiki, amekusalimu. Anayebaki akisubiri simu amefanya kosa la mgeni ambaye angevuta kigoda na kunawa mikono. Tofauti ni kwamba karibu ya Mwingereza yaweza kugeuzwa mwaliko kwa sentensi moja yenye siku, saa na mahali: "Alhamisi baada ya semina, saa tisa, mkahawa wa chini ya maktaba, nina nusu saa." Nusu saa itajwe, maana watu wa huko huogopa miadi isiyo na mwisho. Akikataa bila kutaja siku nyingine, basi, ilikuwa salamu. Akikataa akataja siku nyingine, kubali. Mjerumani naye, akikwambia Alhamisi saa tisa, ni Alhamisi saa tisa. Atakuwa amefika saa tisa kasorobo, na mwendo wetu wa "niko njiani" huku bado uko bafuni utafuta yale yote uliyoyajenga. Na ukipanga hayo kwa Kiingereza, saa yako ya tisa ni saa ya tatu kwao. Watu hukosea hata baada ya mwaka.

Malipo pia yana adabu yake. Ujerumani kila mtu hulipa alichokula, hadi senti, na hakuna aliyefedheheka. Kwenye baa za Uingereza kuna desturi ya raundi: mmoja anawanunulia wote, halafu zamu inazunguka. Anayekunywa soda akaondoka kabla ya zamu yake huonekana mbahili, na anayekaa hadi mwisho hujikuta amelipia pombe za watu watano. Sema mapema, kwa tabasamu, "mimi nipo nje ya raundi, najinunulia mwenyewe", na hakuna atakayeinua uso. Asiyetaka kukanyaga baa kabisa achague tangu mwanzo klabu ambayo kikao chake cha baada ya shughuli hakiko baa. Zipo, ila ulizia.

Kuhusu vilabu, wiki ya kuwapokea wageni ndiyo inayopoteza watu. Ukumbi una meza mia, kila meza ina karatasi ya barua pepe, na kijana anaandika jina lake kwenye 12. Anahudhuria kila moja mara moja, anapata peremende za bure na majina 60 asiyoyakumbuka. Saa 12 kwa watu 60 si kitu. Barazani hakuna anayehama kibaraza kila siku. Chagua kimoja, kinachokutana kila wiki siku ileile, chenye watu wasiozidi 25, na ambacho baada yake watu hukaa. Mazoezi saa mbili, chai baadaye saa moja, na mlo wa Jumapili na wawili kati yao saa mbili: tano zako hizo, na watu walewale. Kwenye vyuo vya Ujerumani michezo ya chuo husajiliwa mtandaoni mwanzoni mwa muhula, siku na saa maalumu, na kozi zinazopendwa hujaa ndani ya dakika chache. Kaa tayari mapema na namba yako ya akaunti ya benki mkononi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisoma methali hii kama onyo kwa mgeni asiyetaka kuondoka. Mwanafunzi aisome upande wa pili: aliyepewa jembe si mgeni tena, na ugenini jembe halikujii, unaliomba. Msikiti wa mji mdogo wa Ujerumani huenda ni wa Waturuki, wa Uingereza huenda ni wa Wapakistani, na hotuba hutaelewa nusu yake. Ukikaa safu ya nyuma ukatoka baada ya salamu ya pili, utabaki mgeni mpaka uhitimu. Ramadhani ikiingia, mwendee anayesimamia futari, umwambie utaosha masufuria Jumanne zote. Kanisani ni kahawa ya baada ya ibada: usinywe tu, panga viti. Mbio za parkrun, ambazo ni bure kila Jumamosi asubuhi, kilomita tano, zinaendeshwa na watu wa kujitolea. Jiandikishe ushike saa ya kupima au usimame kwenye kona kuelekeza wakimbiaji. Mkenya asiyeweza kukimbia ni kichekesho kinachofungua mazungumzo chenyewe, na kuna hata kazi rasmi ya kutembea nyuma ya wote ili asiwepo mwingine wa mwisho. Kijana wa Pwani aliyelelewa kwa mwendo wa pole asiikose.

Kisha kuna jembe ambalo Mombasa inalo kuliko mji wowote wa Kenya, nalo husahauliwa nyumbani pamoja na kanzu kuukuu. Kiswahili kinafundishwa kwenye vyuo vya SOAS London, Bayreuth, Leipzig, Hamburg, Leiden, Napoli. Wanaokisoma wanakijua kile sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya kikao cha kusanifisha lugha cha mwaka 1928, ambacho, kwa kejeli ya historia, kilifanyika hapahapa Mombasa kikakiacha Kimvita kando. Wana vitabu, hawana wa kuzungumza naye. Andikia idara, jitolee kubadilishana lugha: saa moja kwa wiki, nusu Kijerumani, nusu Kiswahili. Tumieni saa ya simu kugawa nusu hizo, kwa sababu bila kengele mtateleza wote kwenye Kiingereza na baada ya wiki tatu hakuna aliyejifunza kitu. Msitafsiri vitabu, tazameni picha za Marikiti mkabishane bei. Mtu anayekuja kwako kwa sababu wewe ndiye mjuzi hukuangalia tofauti na yule aliyekuhurumia kwa kuwa mpya. Siku ya Kiswahili Duniani ni tarehe 7 Julai, na idara nyingi zinatafuta mtu wa kuja kusema neno.

Mtihani wa kwanza wa haya yote hauji Juni, unakuja Desemba. Jua la Mombasa huzama saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima. Hamburg, tarehe 21 Desemba, linazama saa kumi alasiri na halichomozi tena hadi saa mbili na nusu asubuhi. Magharibi inaingia ukiwa bado na usingizi wa chakula cha mchana. Chuo kinafungwa, bweni linahama, hata wale Wakenya wenzako wanachukua zamu za sikukuu kwa sababu zinalipa vizuri. Uingereza tarehe 25 hakuna treni hata moja. Ujerumani maduka hufungwa tarehe 25 na 26, na ikifuata Jumapili ni siku tatu.

Aliyeanza tarehe 1 Oktoba kwa saa tano kila wiki atakuwa na saa 55 hivi chuo kikifungwa: amevuka ile 50, na huenda mtu akamwambia njoo kwetu tule. Aliyefanya saa mbili ana 22. Huyo asisubiri mwaliko. Ifikapo wiki ya mwisho ya Novemba awaulize wote wa jikoni nani anabaki; karibu kila jengo lina Mhindi mmoja, Mnigeria mmoja na Mchina mmoja wanaobaki na wasiojuana. Anunue kabla ya tarehe 23 Desemba: mchele kilo mbili, mbaazi gramu 500, tui makopo matatu, vitunguu, ndimu. Usiku wa tarehe 24 aziloweke mbaazi, kisha abandike karatasi kwenye mlango wa friji, yenye saa na namba ya jikoni.